Bekapu ya seva ya nyumbani kupitia VPN ikigoma: dalili, chanzo na namna ya kuitibu

Mpangilio unaozungumziwa hapa ni huu: seva ya kuhifadhia mafaili iko nyumbani, tuseme Dar es Salaam, na kompyuta ndogo yenye diski iko kwa ndugu yako Moshi. Kati yao kuna handaki la WireGuard (programu ya VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti), na kila usiku rsync, programu ya kunakili mafaili, inavusha mabadiliko kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali. Ndani ya handaki, nyumbani ni 10.77.0.1, Moshi ni 10.77.0.2. Kama anwani zako ni nyingine, badilisha tu.

Watu wengi bekapu ikigoma hukimbilia kuifuta VPN na kuisimika upya. Usifanye hivyo. Mara nyingi VPN haina kosa, na ukiifuta unapoteza ushahidi. Kwanza tafuta ni tabaka gani limekufa, ukiwa kwenye seva ya nyumbani:

```
ping -c 4 1.1.1.1
sudo wg show
ping -c 4 10.77.0.2
ssh bekapu@10.77.0.2 findmnt /mnt/bekapu
```

Ya kwanza ikikataa, tatizo ni intaneti yako. Ya pili isipokuonyesha mstari wa `latest handshake`, au ukionyesha muda wa zaidi ya dakika tatu wakati kuna data inajaribu kupita, handaki halijafunguka. Ya tatu ikikataa huku handaki liko hai, ni anwani au faiwoli. Ya nne ikirudi tupu, diski ya mbali haijapachikwa (haijaunganishwa kwenye folda yake), na hapo usiendeshe bekapu yoyote hadi usome sehemu ya diski huko chini.

Dalili: handaki halifunguki kabisa, `latest handshake` haionekani

Chanzo cha kwanza ni cha kawaida mno hadi watu wanaona aibu kukiuliza: umeme wa LUKU umekwisha kule Moshi, au bando limeisha, au mtoto kachomoa ruta achaji simu. Piga simu kwanza. Mwambie aliye karibu akutajie taa za ruta zinazowaka.

Chanzo cha pili ni kutokuwa na anwani ya wazi. Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya IP ya upande wa nje, kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kutambua IP. Zikitofautiana, na ile ya ruta ikaanza na 10, au ikawa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Laini za simu karibu zote ziko hivyo. Hapo hata ukielekeza poti usiku kucha, hakuna kitakachoingia. Si lazima pande zote mbili ziwe na anwani ya wazi. Upande mmoja unatosha, na ule mwingine ndio uanzishe mawasiliano. Kama hakuna hata mmoja, una njia tatu: omba anwani ya kudumu kwa mtoa huduma (hulipiwa), kodi seva ndogo ya mtandaoni iwe kituo cha katikati, au tumia Tailscale, ambayo hujaribu kutoboa yenyewe na ikishindwa hupitisha data kwenye seva zake za kati. Njia hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote, ila ikishapitia seva za kati kasi hushuka sana.

Cha tatu: ruta mbili moja nyuma ya nyingine. Boksi la mtoa huduma linagawa anwani, kisha na ruta uliyonunua inagawa tena. Poti lazima ielekezwe kwenye zote mbili, au boksi la mtoa huduma ligeuzwe kuwa daraja tu. Kumbuka poti ya WireGuard, ambayo kwa kawaida ni 51820, ni ya UDP. Ukichagua TCP kwenye ruta, umefungua mlango usiotumika. Na usizipe uzito tovuti za kupima poti: nyingi hupima TCP, na hata zile za UDP haziambulii kitu kwa sababu WireGuard hainyanyui mdomo kwa mtu asiye na ufunguo sahihi. Kimya chake si dalili ya ubovu.

Cha nne ni funguo kupishana. Kwenye faili la mipangilio la WireGuard, chini ya `[Interface]` unaweka ufunguo wa siri wa mashine hiyohiyo. Kwenye `[Peer]` unaweka ufunguo wa wazi wa mashine ya pili. Endesha `wg show` pande zote na usome herufi nne za mwanzo za kila ufunguo kwa sauti, wewe na aliye kule.

Mara chache zaidi, mtandao wenyewe unazuia VPN. Ipime kwa kutumia laini ya mtoa huduma mwingine kwa dakika kumi. Handaki likifunguka papo hapo, acha kuhangaika na mipangilio, zungumza na mtoa huduma. Kwa walio Tanzania, kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao wajitambulishe pamoja na anwani zao za IP kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kama bekapu ni ya ofisi, jambo hilo ni la kumuuliza mwanasheria wenu, si la kutatuliwa na fundi.

Onyo moja kabla hatujasonga. Ukichoka, utashawishika kufungua poti 445 ya mafaili au ukurasa wa seva moja kwa moja kwenye intaneti, "kwa muda tu". Januari 2022 virusi vya DeadBolt vilifunga mafaili ya watu wengi waliokuwa na seva za QNAP zilizoachwa wazi hivyo. Poti pekee inayostahili kuwa wazi ni ile ya VPN.

Dalili: ilikuwa inafanya kazi, umeme ukakatika, tangu hapo imekufa

Anza na jepesi: huenda huduma haijawekwa ianze yenyewe. `sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0` kule mbali, na imekwisha.

Kama inaanza yenyewe, tazama anwani. Ruta ikizimika na kuwaka mara nyingi hupewa IP mpya. Hata ukitumia jina la DNS (jina linalosimama badala ya namba ya IP) linalojisahihisha, WireGuard hulitafsiri jina hilo mara moja tu, pale inapowashwa, kisha hung'ang'ania namba ileile ya zamani. Dawa ya haraka ni kuizima na kuiwasha. Dawa ya kudumu ni skripti ya `reresolve-dns.sh` inayokuja na zana za WireGuard. Iwekee taima iite kila baada ya nusu dakika au dakika moja. Na upande ulio nyuma ya ruta uwe na `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo ruta itausahau baada ya kimya kifupi.

Halafu kuna hili la saa, ambalo huwazungusha hata mafundi. Raspberry Pi hadi toleo la 4 haina saa inayotembea umeme ukiwa umekatika (ya 5 inayo, ila betri yake hununuliwa peke yake). Umeme ukikatika saa sita na kurudi, Pi huamka ikidhani bado ni asubuhi. WireGuard hutia muhuri wa muda kwenye kila ombi la kufungua handaki, na upande wa pili hukataa ombi lolote lenye muhuri wa zamani kuliko uliopita, ili mtu asije akarudia pakiti alizozinasa. Inakataa kimya kimya. Hakuna kosa linaloandikwa popote.

Kwa kawaida Pi huuliza saa sahihi mtandaoni ndani ya dakika moja na mambo yanajirekebisha. Inakwama pale ulipoandika `AllowedIPs = 0.0.0.0/0` (yaani mawasiliano yote yapite kwenye handaki), au DNS yake inapitia handaki: inahitaji handaki ili ipate saa, na inahitaji saa ili ipate handaki. Endesha `timedatectl` kule. Ukiona `System clock synchronized: no`, umempata mwizi. Ili uokoe usiku wa leo, izime na kuiwasha WireGuard ya upande wa nyumbani, kumbukumbu ya mihuri inafutika. Kisha rekebisha `AllowedIPs` ibaki `10.77.0.0/24` tu, na ununue kadi ndogo ya saa ya DS3231.

Dalili: handaki liko hai lakini ping haifiki

Nyumba zote mbili zinatumia 192.168.1.0/24. Hii ndiyo sababu ya mara kwa mara ukitumia anwani za ndani ya nyumba badala ya 10.77.0.2, kwa kuwa ruta nyingi hutoka dukani hivyo. Mashine yako ikitafuta 192.168.1.50 ya Moshi, inaitafuta sebuleni kwako. Badilisha safu ya nyumba moja iwe kitu kisicho cha kawaida, mfano 192.168.77.0/24. Ufanye hivyo ukiwa pale pale, si kwa mbali.

Isipokuwa hivyo, tazama `AllowedIPs`: safu moja ikiandikwa kwa wenza (`[Peer]`) wawili, wa mwisho ndiye anayeichukua na wa kwanza anabaki bila kitu. Kisha faiwoli ya mashine ya mbali.

Dalili: ping inafika, SSH inafunguka, lakini faili likianza kuvuka linaganda

Ukiona hivi, usiguse rsync. Unaingia kwa SSH vizuri, `ls` ya folda ndogo inajibu, lakini `ls` ya folda yenye picha elfu moja inaganda. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotea njiani.

WireGuard huongeza baiti 60 kwa kila pakiti kwenye IPv4 na 80 kwenye IPv6, ndiyo maana MTU yake (ukubwa wa juu wa pakiti moja) ya kawaida ni 1420 badala ya 1500. Lakini laini za PPPoE huanzia 1492, na za simu mara nyingi ziko chini zaidi. Pakiti ikizidi kimo cha mlango, ruta ya katikati ilipaswa kurudisha taarifa, nyingi hunyamaza. Pima hivi:

```
ping -M do -s 1392 -c 3 10.77.0.2
```

Hiyo 1392 ni 1420 kutoa 28 za vichwa vya pakiti. Isipojibu, shuka: 1372, 1332, 1292, 1252. Namba ya kwanza inayojibu, iongezee 28, hiyo ndiyo MTU yako. Iandike kwenye `[Interface]` ya pande zote mbili, kwa mfano `MTU = 1360`, kisha zima na uwashe. Kama huna muda wa kupima, weka 1280; utapoteza kasi kidogo sana. Kama handaki linaishia kwenye ruta badala ya seva yenyewe, ongeza kwenye ruta hiyo:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Dalili: inakwenda, ila kwa mwendo wa kinyonga

Piga hesabu kabla ya kulalamika. Kinachohesabika ni kasi ya kupandisha ya nyumbani, si ile ya kushusha iliyoandikwa kwenye tangazo la kifurushi. Mbps 10 za kupandisha ni MB 1.25 kwa sekunde, yaani GB 4.5 kwa saa na kama GB 108 kwa siku nzima bila kupumzika. TB 2 zitachukua siku 18 na nusu. Hakuna mpangilio utakaobadilisha hilo.

Kwa hiyo bekapu ya kwanza haipitii VPN. Lete diski ya Moshi nyumbani, isimbe kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), ijaze kupitia waya wa gigabiti (TB 2 ni kama saa tano kama diski haichoki), kisha isafirishe. Ifunge kwenye taulo na uipakate. Kwenye buti la basi hapana. Baada ya hapo usiku ni wa mabadiliko tu.

Kama hesabu inasema inapaswa kwenda haraka zaidi, pima kasi ya handaki lenyewe: endesha `iperf3 -s` kule na `iperf3 -c 10.77.0.2 -t 30` hapa. Ikitoa karibu kasi ya laini yako huku rsync inajikokota, tatizo ni mafaili madogo maelfu kwa maelfu, au diski. Ikitoa kidogo, ni laini au MTU. Ondoa `-z` (ya kubana data) kwenye rsync kama unavusha picha na video, tayari zimebanwa, unachosha prosesa bure. Na kama nyumba nzima inalia intaneti nzito bekapu ikianza, weka `--bwlimit` kwenye asilimia 80 ya laini: kwa Mbps 10 ni `--bwlimit=1000`, kwa kuwa inahesabu KiB kwa sekunde.

Bekapu inayokwenda ng'ambo, kwa ndugu aliye Muscat au London, ina adui mwingine. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania na Kenya ikayumba kwa siku kadhaa. Ikitokea hivyo, hakuna cha kurekebisha kwako. Subiri.

Dalili: rsync inakatika na kutoa namba

Namba 24 inamaanisha faili lilifutwa wakati linanakiliwa, puuza. 23 ni mafaili yaliyokataa kusomeka au kuandikika, karibu daima ni ruhusa. 11 ni kushindwa kuandika, tazama nafasi kwa `df -h` na pia `df -i`. 12 ni upande wa pili kufa ghafla. 30 ni muda kuisha. 255 si ya rsync, ni SSH. 25 ni breki ya kufuta (`--max-delete`) imeshikwa, na hiyo utashukuru.

Kwa laini inayokatika katika, tumia `--partial-dir=.rsync-partial` na `--timeout=300`, ili video ya GB 8 isianze upya kila usiku.

Dalili: kila usiku inanakili vyote upya

Ongeza `-i` kwenye rsync na usome mistari michache. Ukiona `>f+++++++++` kwa faili unalojua liko kule, njia imebadilika. Ama umesahau mkwaju wa mwisho (`/mnt/data` badala ya `/mnt/data/`) na sasa kuna `data/data`, ama mtu kabadilisha jina la folda. Rsync haijui kwamba "Picha" na "Picha za harusi" ni kitu kimoja. Itavusha zote tena. Badilisha jina na kule kabla haijaanza. Ukiona `>f..t......`, ni tarehe tu zinazopishana, na diski ya mbali huenda imeumbizwa kwa exFAT au FAT. `--modify-window=1` hutuliza, ila dawa ni ext4.

Dalili: kwa mkono inakubali, kwa cron inakataa

Cron, ratiba ya kazi za Linux, inaendesha kama root (mtumiaji mkuu wa mfumo), na root hana ufunguo wako wa SSH wala hajawahi kuitambua mashine ya mbali. Ingia mara moja kwa `sudo ssh`, taja ufunguo kwa `-i`, weka `-o BatchMode=yes` ili ishindwe badala ya kusubiri nenosiri. SSH ikilia kwamba utambulisho wa mashine umebadilika na wewe hukusimika upya chochote kule, simama. Usifute ule mstari hadi ujue kwa nini.

Dalili: diski ya mbali imejaa ghafla, au bekapu imekuwa tupu

Hizi ni pacha, na ndizo zinazoumiza kweli. Diski ya USB kule haikupachikwa baada ya umeme kurudi; `/mnt/bekapu` ikabaki folda tupu kwenye kadi ya SD, rsync ikaijaza hadi mfumo ukaanguka. Kinyume chake kiko nyumbani: `/mnt/data` haikupachikwa, rsync ikaona folda tupu, na `--delete`, inayofuta kule kisichopo hapa, ikafanya ilichoambiwa. Ikafuta kila kitu Moshi.

```
#!/bin/bash
mountpoint -q /mnt/data || exit 1
ssh -o BatchMode=yes bekapu@10.77.0.2 mountpoint -q /mnt/bekapu || exit 1
exec flock -n /run/lock/bekapu.lock rsync -aH --delete --max-delete=500 \
  --partial-dir=.rsync-partial --timeout=300 --bwlimit=1000 \
  /mnt/data/ bekapu@10.77.0.2:/mnt/bekapu/data/
```

`flock` inazuia bekapu ya leo kuikanyaga ya jana ambayo haijamaliza. Ongeza ulinzi mmoja: diski ikiwa imechomolewa, endesha `sudo chattr +i /mnt/bekapu`, folda tupu haitaandikika tena. Kama mafaili yamekwisha kufutwa Moshi na huna snapshoti (picha ya hali ya zamani ya diski), chomoa diski ile sasa hivi, usiandike chochote juu yake.

Mbona diski haikupachikwa? Mara nyingi ni njaa ya umeme. Diski ya inchi 2.5 inayonyonya umeme kutoka USB ya Pi hukatika ikianza kufanya kazi nzito. `vcgencmd get_throttled` ikirudisha kitu kisicho `0x0`, na si kwa sababu ya joto, badilisha adapta, au tumia habu yenye umeme wake.

Dalili: diski inalia tik, tik, tik, au `dmesg` imejaa I/O error

Hapa bekapu inasitishwa. Kama hailii, soma `sudo smartctl -a /dev/sda`. Kwenye jedwali lake, mstari namba 199 ukipanda peke yake, badilisha kebo. Namba 5, 197 au 198 zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka, diski inakufa: nakili yaliyo muhimu kwanza, na usiendeshe `fsck`, maana inaandika juu ya diski inayokufa.

Ikilia, izime. Usiifungue, usiiweke kwenye friza, usijaribu "mara moja ya mwisho". Kila mzunguko unakwangua sahani. Kama nakala ya upande wa pili ni nzima, nunua diski mpya na uachane na ile. Kama ndiyo nakala pekee, ipeleke ikiwa imezimwa kwa wataalamu wa kuokoa data. Vivyo hivyo kwa RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) iliyopoteza diski mbili: usibonyeze kitufe cha kuunda upya, andika diski ipi ilikuwa nafasi ipi, kisha itisha anayejua.

Na ikiwa kuna harufu ya kuungua au soketi ina joto, hilo si la kompyuta tena. Zima swichi kuu, mwite fundi umeme mwenye leseni, na seva isiwashwe hadi amalize.